Mkono wa Kadi Arobaini na Moja

Saa nne na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumatano, rola ilimmeza Mama Pacha mkono wa kulia mpaka kwenye kifundo, na kitu cha kwanza alichosema kilikuwa, "Jamani, shuka linaungua."

Hakusema nakufa wala hakumwita mama yake. Alisema shuka. Miaka kumi na moja ya kupiga pasi mashuka ya watu ilikuwa imemkaa kichwani kiasi hicho. Fundi wa boila alikuja mbio akabamiza kitufe chekundu, mashine ikazima, lakini rola zenyewe zikagoma kuachia, ikabidi wanaume watatu wazitenganishe kwa nondo. Muda wote huo Mama Pacha kasimama wima, macho makavu, anamwangalia huyu, anamwangalia yule, kama mtu aliyeulizwa swali asilolijua. Maumivu yalimkuta ndani ya gari, kwenye kona ya kwanza. Akasikia mtu anapiga ukelele wa ajabu, akageuka kumtafuta ni nani. Kumbe ni yeye.

Pale kazini ni dobi kubwa, linafua mashuka ya hoteli na ya hospitali. Yanakuja machafu kwa malori, yanaondoka yamenyooka kama karatasi. Mama Pacha alikuwa mlishaji wa rola: unashika ncha mbili za shuka bichi, unaliingiza kati ya rola mbili za moto, linatokea upande wa pili limekauka. Mbele ya rola kuna chuma chembamba cha kulinda vidole, ukikigusa tu mashine inasimama. Tatizo ni kwamba hata shuka likikigusa, inasimama. Kwa hiyo msimamizi aliamuru chuma kifungwe juu kwa kipande cha taulo, na kilifungwa hivyo tangu mwaka juzi. Kila mtu alikiona, na kila mtu alikizoea.

Msimamizi huyo walimwita Bwana Saa, maana alikuwa haulizi "habari za asubuhi," anauliza "saa ngapi sasa?" Kila mfanyakazi alikuwa na kadi ya plastiki yenye jina na namba, ya kuvaa shingoni. Asubuhi unaichukua kwenye ubao getini, jioni unairudisha. Bwana Saa alihesabu kadi. Nyuso hakuhesabu. Kadi ikilala ubaoni siku tatu za kazi ndani ya mwezi, mwenye kadi hana kazi, hata kama alikuwa anazika. Sasa watu wafanye nini? Wakawa wanavaliana. Una shida leo, unamtafuta mwenzako aliye mapumzikoni, anavaa kadi yako, anafanya kazi yako, na wewe utamlipa siku yake. Ilikuwa kawaida mpaka ikawa utani.

"Leo umevaa nani?"

"Nimevaa Kumi na Tisa."

"Mbona Kumi na Tisa amenenepa hivi ghafla?"

"Mapenzi, dada! Anapendwa!"

Bwana Saa mwenyewe alikuwa akikuita kwa namba uliyovaa, bila hata kukonyeza. Namba ya Mama Pacha ilikuwa Ishirini na Nane, na Jumatano ilikuwa siku yake ya kupumzika. Lakini Jumatano ile, kama Jumatano zote za miezi minne, alikuwa amevaa Arobaini na Moja, kadi ya rafiki yake anayelisha rola naye, yule waliyempa jina la Kicheko. Kicheko alisema mama yake mzazi mguu umevimba, kila Jumatano lazima ampeleke kliniki. Mama Pacha akasema, "Mzazi ni mzazi. Nenda, nitakuvaa." Na akakataa kulipwa zile siku.

Hospitali, aliyempeleka ni Bwana Saa. Karani wa mapokezi akauliza jina la mgonjwa. Bwana Saa akaivua ile kadi shingoni mwa Mama Pacha, akaiweka kwenye dirisha.

Mama Pacha alipozinduka alikuwa na bandeji kama mpira mdogo, na muuguzi aliyeinama juu yake alikuwa anamwita kwa jina la Kicheko.

"Siyo mimi," alisema.

"Ni wewe, mama. Umefanyiwa upasuaji, umeendelea vizuri."

"Siyo mimi huyo. Mimi ni mwingine."

"Ni dawa za usingizi," muuguzi akamwambia mwenzake. "Zitaisha." Kisha akamwambia, taratibu sana, kwamba vidole vitatu havikuokoka.

Mama Pacha akatazama chini. Shuka alilofunikwa lilikuwa na uzi wa bluu kwenye pindo, alama ya dobi lao. Lilikuwa shuka alilolipiga pasi yeye. Akaanza kuvihesabu vidole alivyobakiwa navyo, akafika viwili, akaanza upya.

Alilala wiki mbili pale, akakaa nyumbani wiki moja, na Kicheko hakutokea hata siku moja. Mume wake, fundi baiskeli, mtu wa mizaha hata penye msiba, ndiye aliyemwosha, akamsuka nywele vibaya, akawaamuru pacha wasimkodolee mama yao macho. Wiki ya nne Mama Pacha akavaa gauni lake la heshima, mkono akaufunika kwa mtandio, akaenda dobi kuripoti ajali ili adai fidia yake. Alikuwa na haraka. Mkono wa kulia ndio uliokuwa unalipa kodi ya nyumba na ada za pacha, na sasa haukuweza hata kufunga kifungo.

Bwana Saa alimpokea vizuri. Akamvutia kiti.

"Ajali tumeiripoti zamani, Mama Pacha. Siku ileile. Taratibu zote zimefuatwa."

Moyo wa Mama Pacha ukatua. "Mungu akubariki, bosi. Mimi nilikuwa na wasiwasi."

"Wasiwasi wa nini? Tazama." Akafungua daftari la ajali, akasoma kwa sauti: "Rola namba mbili. Mkono wa kulia. Vidole vitatu. Majeruhi, Kadi Arobaini na Moja."

"Hapana. Mimi ni Ishirini na Nane."

Bwana Saa akafungua daftari lingine, la mahudhurio, akapitisha kidole chake kizima kabisa juu ya mstari. "Ishirini na Nane siku hiyo alikuwa mapumziko. Hakuwepo."

"Bosi, wewe si ndiye uliyenibeba? Damu yangu si ilikumwagikia kwenye shati?"

"Nilimbeba Arobaini na Moja."

Nje mashine zilikuwa zinanguruma kama kawaida. Mama Pacha alimtazama yule mzee usoni, akitafuta mahali pa mzaha, hakupaona.

"Na huu?" Akautoa mkono chini ya mtandio, akauweka juu ya daftari.

Bwana Saa akaangalia dirishani. "Huo sijui uliuumizia wapi. Labda nyumbani. Sikiliza, mama, usiharibu. Kadi Arobaini na Moja imeumia, Kadi Arobaini na Moja inadai. Hela zikitoka mwenzako atakupa, mtaelewana wenyewe. Ukianza kusema mambo ya kuvaliana, utafukuzisha watu dobi zima, na wewe utakuwa wa kwanza. Ulikuwa unafanya nini humu ndani siku yako ya mapumziko?"

"Kadi ina vidole, bosi?"

Bwana Saa akalivuta daftari kutoka chini ya ule mkono.

Mama Pacha alitoka pale miguu haigusi chini. Hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja ofisi ya fidia, ghorofa ya pili, kwenye benchi refu la watu wenye magongo na mabandeji, akangoja mpaka saa saba. Afisa alikuwa dada mmoja wa miwani, sauti ndogo, hana haraka. Akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta jalada kabatini, akalifungua, na uso wake ukabadilika.

"Mama, dai hili ninalo tayari. Dobi hilohilo, tarehe hiyohiyo, vidole hivyohivyo. Mdai amesaini mwenyewe."

Akaligeuza jalada. Ilikuwa saini ya Kicheko, ile yenye mkia mrefu, ambayo Mama Pacha mwenyewe alikuwa amejifunza kuiiga kwa ajili ya daftari la mahudhurio.

Pale dobi alikuwa amekasirika tu. Sasa alikuwa anaona kitu kingine kabisa: kwamba mtu aliyekula naye sahani moja miaka saba ameketi mahali, akashika kalamu kwa mkono mzima, akaandika kwamba vidole vilivyokatika ni vyake.

"Kuna mtu alikuona ukiumia?" afisa aliuliza.

"Fundi wa boila. Ndiye aliyezima."

Afisa akaangalia nakala ya mahudhurio. "Boila siku hiyo kulikuwa na Kadi Tatu. Huyo ndiye fundi?"

"Hapana, yeye ni Kadi Tisa. Siku hiyo alikuwa kavaa Tatu."

"Mwingine?"

"Yule anayekunja mashuka. Lakini naye..."

Afisa akavua miwani. "Mama, huko kwenu kuna mtu yeyote anayekwenda kazini akiwa yeye mwenyewe?"

Akamweleza mambo yalivyo. Alhamisi saa tatu mdai wa jalada lile ataitwa aje kuthibitisha. Likishapitishwa, ajali ile imefungwa. Ajali moja hailipwi kwa watu wawili. Daktari wa ofisi ameshasoma karatasi za hospitali, na karatasi za hospitali zina jina la Kicheko. Mama Pacha ana kovu tu, na kovu halina tarehe. "Njoo Alhamisi," alisema afisa. "Njoo na kitu. Au njoo na mtu."

Mume wake aliposikia alikuwa anaziba tairi. Akaiacha pampu ikadondoka.

"Yaani mkono wa mke wangu umeandikishwa kwa mtu mwingine? Kama kiwanja?" Alicheka, kisha akaacha kucheka katikati. "Twende kwake."

"Nitakwenda peke yangu. Wewe ukienda utampiga na spana."

Kicheko alikuwa uani anaanua nguo. Alipomwona Mama Pacha mlangoni alilikumbatia lile lundo kifuani.

"Dada," alisema. "Nilikuwa nataka kuja."

"Wiki nne?"

"Nilifika mpaka geti la hospitali. Mara tatu, haki ya nani. Miguu ikakataa."

"Lakini mkono ulikubali kusaini."

Kicheko akaketi chini, palepale kwenye sakafu yenye maji. Maneno yakamtoka hovyo hovyo. Bwana Saa alimletea fomu nyumbani. Alimwambia karatasi za hospitali zina jina lake, hakuna njia nyingine, asiposaini hela zitapotea zote, na yeye atafukuzwa kwa utoro. Akasaini. Hela zikija atampa Mama Pacha zote, asile hata shilingi.

"Na Alhamisi wakitaka kuona vidole?"

"Bwana Saa kasema ataongea nao."

"Basi twende wote, useme ukweli. Useme ulikuwa kliniki na mama yako. Wana daftari kliniki, watakuona."

Kicheko akainamisha kichwa. Alikuwa anaangalia maji.

"Mama yako si ana kadi ya kliniki?"

"Mama ni mzima, dada."

"Mguu je?"

"Hana mguu wowote unaomuuma. Hajawahi." Kicheko akajifuta pua kwa shuka alilolishika. "Nilikuwa najifunza lori. Shule ya udereva, Jumatano saa tatu mpaka saa sita. Nilijua nikisema utanicheka. Ningesema kazi ya dobi imenichosha ungesema najidai. Nimebakiza mtihani tu."

Mama Pacha akahesabu kichwani. Jumatano kumi na sita. Mara ngapi alikuwa amemtumia yule mama machungwa! Mara ngapi alikuwa ameuliza, "Mguu unaendeleaje?" na akajibiwa, "Unanywea, unanywea"!

"Niangalie mkono," alisema mwishowe.

"Siwezi."

"Niangalie."

Kicheko akafunika uso kwa lile shuka. Mama Pacha akaondoka.

Alhamisi alifika mapema na mume wake. Hakuwa na kitu, hakuwa na mtu. Saa tatu kasorobo wakasikia viatu ngazini, Bwana Saa akatokea kwenye suti, na nyuma yake Kicheko. Mkono wa kulia wa Kicheko umefungwa bandeji nyeupe, imebana, imepigwa pini, mpaka kwenye kiwiko.

Mama Pacha alijikuta amesimama.

"Ee," mume wake alinong'ona. "Huyu kafungwa vizuri kuliko wewe."

Waliingia wote. Afisa alitazama bandeji, akatazama mtandio wa Mama Pacha. Bwana Saa akaanza kuongea, kwamba mgonjwa bado ana maumivu, kidonda hakijakauka, kisifunguliwe, itakuwa vyema dai lipitishwe kwa karatasi za hospitali. Afisa akamwacha amalize. Kisha akamgeukia Kicheko.

"Nakusomea kabla sijagonga muhuri, usije ukasema hukuambiwa. Kuanzia leo wewe kwa kumbukumbu za serikali ni mtu mwenye ulemavu wa kudumu wa mkono wa kulia. Vidole vitatu. Hii haifutiki. Ukiomba kazi itaonekana, ukiomba kitambulisho kipya itaonekana, ukiomba leseni itaonekana."

"Leseni gani?" Kicheko aliuliza.

"Leseni yoyote ya chombo cha moto. Kwa mkono wa namna hiyo utashikaje usukani?"

Bwana Saa akakohoa. "Yeye hana shida na leseni, afisa. Ni mlisha rola huyu."

Kicheko akamgeukia Mama Pacha. Mtandio ulikuwa umeteleza. Kwa mara ya kwanza aliutazama ule mkono: ngozi ya kiganja imevutika inang'aa, kidole gumba na kidogo vimebaki vimetengana kama watu waliogombana, na katikati hakuna kitu. Aliutazama sana. Kisha akaanza kuifungua bandeji yake.

"Unafanya nini wewe?" Bwana Saa alisema.

Akachomoa pini, akaiweka mezani. Akazungusha, akazungusha, bandeji ikarundikana mapajani mwake mpaka basi. Vidole vitano vikatoka, vyeupe kidogo kwa kubanwa, vizima. Akavichezesha. Halafu akaingiza mkono huohuo kwenye mkoba, akatoa kijitabu chenye gamba la njano, akakisukuma mbele ya afisa.

"Fungua tarehe hiyo," alisema.

Afisa akasoma: saa tatu na nusu mpaka saa nne na nusu, kurudisha lori nyuma kati ya nguzo mbili. Jina la mwanafunzi, saini yenye mkia mrefu, saini ya mwalimu, muhuri.

"Sikuwepo dobi," alisema Kicheko. "Mimi nilikuwa kwenye usukani. Jina langu ndilo lililokuwepo. Aliyekuwa ndani yake ni huyu."

Bwana Saa aliinuka, akasema ana kikao, akaulizia saa, ingawa yake ilikuwa mkononi. Afisa akamwambia akae. Hakukaa, akatoka, na mlango haukufunga vizuri nyuma yake.

"Na mimi?" Kicheko aliuliza. "Mimi naandikwa wapi?"

"Wewe huna jeraha, dada. Wewe una kosa. Utaandika maelezo, na kazi sidhani kama bado unayo." Afisa akavuta fomu mpya, tupu, akaiweka mbele ya Mama Pacha. "Jina lako kamili. Na ueleze kile chuma cha mbele kilifungwa na nani, kwa nini na tangu lini."

Mama Pacha alilitaja jina lake lote, la kwake, la baba, la babu, polepole, kama anayeogopa kuwa litaandikwa la mwingine. Alieleza habari za taulo. Kwenye nafasi ya saini alishika kalamu kwa mkono wa kushoto. Mume wake akataka kumshikia karatasi isisogee, akamwambia, "Acha." Ilimchukua dakika nzima, na saini ikatoka imepinda kama njia ya panya. Afisa akaitazama, akagonga muhuri: Imepokelewa.

Nje kwenye ngazi mume wake alitangulia kuchukua baiskeli. Wakabaki wawili. Kicheko alikuwa bado ameshika lile rundo la bandeji, hajui pa kulitupa.

"Nikuulize kitu," alisema Mama Pacha. "Mle ndani. Ulifungua kwa ajili yangu, au kwa ajili ya leseni?"

Alikuwa amejiandaa kwa majibu yote mawili. Lile la kwanza angelilia, lile la pili angemtemea mate.

"Sijui, dada," alisema Kicheko. "Nimejiuliza tangu niliposhika ile pini. Haki ya nani, sijui."

Mama Pacha alibaki kwenye ngazi, mkono wake umeachwa wazi, hewa ya asubuhi inaugusa ile ngozi mpya. Watu wenye magongo walikuwa wanapanda, wanampisha, wanasema samahani mama, na yeye hakusogea, anamtazama yule mwanamke anavyoshuka, ngazi moja moja, huku ameshika ukuta kwa vidole vyote vitano.